Sonona haisubiri hamu irudi

Wakubwa shikamooni, wenzangu wa Dar mambo vipi. Leo siwazungushi madukani huku Birmingham. Mmeniuliza sana nilipotelea wapi, na mama wadogo wa Tabata walishampigia mama wakidhani nimefukuzwa kazi. Kazi ipo. Nilikuwa naumwa sonona.

Si huzuni ya siku moja. Wataalamu huangalia kama imefika wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: hamu ya vitu imekata, usingizi umevurugika, chakula hakipandi, unajiona huna thamani. Mimi hata voisi za mama zilinishinda kufungua. Na mama nampenda, jamani.

Huku England mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe kupata tiba ya mazungumzo inayotolewa na serikali. Watu hudhani unalazwa kwenye kochi usimulie utoto. Mwanasaikolojia wangu alinipa daftari: andika ulichofanya kila saa, na pembeni moyo ulikuwaje. Tulipolisoma pamoja, jambo likajionyesha lenyewe. Nikibaki kitandani nasubiri hamu, hamu haiji. Nikioga tu na kutoka hadi kona ya mtaa, moyo unanyanyuka kidogo. Basi tukapanga vitendo vidogo, kila kimoja na saa yake, nitake nisitake. Kujibu voisi moja. Kusonga ugali badala ya kutafuna mkate mkavu. Hamu ikawa inafuata nyuma ya kitendo, polepole, na siku nyingine haikufuata kabisa.

Lile wazo la "mimi ni mzigo kwa nyumbani" nalo tulilihoji: ushahidi uko wapi? Mama kila siku huuliza nimekula nini, haulizi nitatuma shilingi ngapi.

Sasa wewe wa Mbagala, wewe wa Gongo la Mboto, usikubali kuambiwa haya ni maradhi ya wazungu. Hospitali ya Muhimbili hapo Dar kuna idara ya afya ya akili. Dua endelea nayo, mimi naswali na tiba naenda. Ukiandikiwa dawa, nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usiziache siku ya nne. Zikikusumbua, rudi kwa daktari.

Na wewe ambaye ndugu yako amejifungia chumbani, tafadhali, usimuulize "unakosa nini?" Panda naye daladala, kaa naye kwenye foleni mpaka aitwe. Akitaja kufa, usimwache peke yake hata kidogo: hospitali siku hiyohiyo.