Mtoto wa farasi anafundishwaje bila fimbo? Nawajibu watu wa nyumbani

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Huyo mtoto wa farasi mbona anakufuata bila kuvutwa, umempa nini?" Na chini yake hakosi mtu wa kuandika kwamba najionyesha. Basi leo najibu, na jambo la kwanza, farasi si wangu. Mimi ni saisi wa kuajiriwa, hapa karibu na Newmarket, Uingereza. Nafagia mabanda, nabeba majani makavu, na baridi hii mnayoiona naamka nayo alfajiri. Silalamiki pia, maana na hilo huwa naambiwa. Kazi naipenda.

Sijampa kitu. Hapa mtoto hasubiriwi akue ndipo watu wapambane naye, anazoeshwa mkono tangu siku za mwanzo. Simwendei usoni. Namwendea ubavuni, mama yake akiwa pale pale, naanza kumkuna juu ya mabega, pale nywele za shingo zinapoishia. Ndipo farasi wenyewe wanapokunana kwa meno. Ukimpatia, utaona mdomo wa juu unarefuka, unachezacheza. Hapo ameshakuridhia. Mkono unashuka mgongoni, tumboni, miguuni. Mguu unauinua kidogo tu, na unaurudisha chini wewe kabla yeye hajakunyang'anya. Kwato zake zitachongwa kila wiki sita hadi nane maisha yake yote, ni bora ajifunze sasa.

Hatamu iwe laini, na usimwachie kichwani akiwa peke yake malishoni, itanasa. Halafu kamba, jamani, naomba mnisikilize hapa: usimvute kwa mbele. Shingo bado changa. Ukimvuta atarudi nyuma, atasimama kwa miguu miwili, na akianguka chali anaweza kuumia vibaya sana. Sisi tunapitisha kamba laini nyuma ya mapaja. Mkono mmoja unashika hatamu, wa pili unashika ile kamba ya nyuma, na mama yake anatangulia na mtu mwingine. Unamsukuma kidogo kwa ile kamba, akitia hatua moja tu, unalegeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa, hajui ulikuwa unataka nini. Dakika tano, kumi, basi, mwache akanyonye. Na akianza kukutafuna mkono usimchekee, huyo akikua atafika kilo mia tano.

Mnaniuliza bei zao. Bei sitaji, karatasi nitazitaja. Mtoto wa farasi hapa lazima atiwe chipu ndogo ya kumtambulisha, chini ya ngozi ya shingo, na apate paspoti ndani ya miezi sita tangu azaliwe, au kufikia tarehe 31 Disemba ya mwaka ule, ile itakayokuja baadaye. Nikiziona zinakuja kwa posta moyo unaniuma, maana karatasi zangu mimi zimenikausha. Ada ya afya, ya kutibiwa hospitali za serikali huku, peke yake ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na unalipa miaka yote kwa mkupuo. Na kabla ya hapo kuna mtu wa kwetu, simtaji, alichukua pesa za karafuu za mama yangu, za msimu mzima, ati ananitafutia kazi. Mpaka leo simu hapokei. Kwa hiyo mnaponiandikia "tukumbuke na sisi", wallahi nawakumbuka, lakini deni la mama ndilo la kwanza.

Sasa yule kijana wa Konde aliyeuliza kama haya yanafaa kwa mtoto wa punda. Kwa nionavyo mimi yanafaa, ila kila mnyama na tabia yake, na wako unamjua wewe. Punda akiogopa mara nyingi hakimbii, anaganda. Kwetu anaitwa mkaidi, fimbo inaanza. Mwache akitazame anachokiogopa, simama naye, asogee mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nikiwaona punda wa magari ya mchanga na vidonda vya kamba mabegani, na hilo linaniuma hadi leo. Siwadharau wenye magari, wanatafuta riziki. Lakini mtoto asitwishwe mzigo kabla ya miaka mitatu, minne, mifupa haijakomaa. Na hatamu si lazima ununue. Kamba ya katani inakwaruza, chukua kanga kuukuu, usuke pana, vidole viwili. Ila kwanza mkune tu, jioni mama yake akila, bila kamba yoyote, mpaka awe anakuja mwenyewe.

Na dada wa Wete mwenye punda jike anayepiga mateke mtoto wake akiguswa: wewe sikujibu hivi hivi. Nitumie video, nimwone masikio yake anayaweka vipi unapomkaribia, na usisimame nyuma yake wakati unarekodi.