Upimaji wa Matumizi ya Huduma za Utengamao kwa Watoto Walioumia Ubongo

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wataalamu wenzangu na wazazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuumia ubongo kwa njia nyingi. Wapo wanaogongwa na bodaboda wakivuka barabara kwenda shule, wapo wanaoanguka kutoka juu ya mwembe, na wapo walioathiriwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Leo nitajifunga kwa walioumia kichwa, kwa kuwa siku ya ajali inajulikana, na anayepima matumizi ya huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtoto uwezo wake baada ya jeraha, hana budi kuwa na siku ya kuanzia hesabu.

Ukali wa jeraha tunaupima kwa mizani ya Glasgow, inayopima kiwango cha fahamu, iliyotolewa mwaka 1974: alama 3 hadi 8 ni jeraha kali, 9 hadi 12 ni la wastani, na 13 hadi 15 ni jepesi. Hapo hatubishani. Ugumu unaanza pale mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Fungueni rejista ya kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kila anayefika anaandikiwa mstari wake: tarehe, jina, umri, anakoishi, tatizo, na kama ni mpya au marudio. Mwisho wa mwezi mistari inajumlishwa na jumla inaingia kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Sasa, mahudhurio 60 yanaweza kuwa ya watoto 60 waliokuja mara moja wakakata tamaa, au ya watoto 5 waliokuja mara 12 kila mmoja, na jumla haitaonyesha tofauti hiyo. Mtoto wa Chanika, pembezoni mwa jiji, ambaye hakufika kabisa hana mstari popote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hesabu ianzie kwenye orodha ya watoto walioruhusiwa wodini, kisha kila mmoja afuatiliwe, awe amefika kliniki au hakufika.

Tukishakuwa na orodha hiyo, kwa kila huduma, iwe fiziotherapia, tiba kwa vitendo (ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku), tiba ya usemi, ushauri wa kisaikolojia au msaada wa shuleni, tuulize kama mtoto aliihitaji, kama aliipata, mara ngapi, na kama aliiacha, kwa sababu gani. Swali la hitaji ndilo gumu kuliko yote. Mlezi anaona mguu unaoburutwa. Kumbukumbu iliyopungua anaiita utundu au uvivu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulitenganisha hitaji lililotimizwa, lisilotimizwa na lile ambalo familia haikulitambua, na huduma zinazohusu kumbukumbu, umakini na kufikiri ndizo zilizokosekana au kutotambuliwa zaidi. Dodoso linalomuuliza mlezi peke yake halitagusa eneo hilo. Mwalimu wa darasa naye aulizwe.

Aulizwe pia kwa miaka kadhaa. Mtoto aliyeumia akiwa na miaka 4 anaweza kutembea na kuongea vizuri baada ya miezi michache, na kwenye takwimu akahesabiwa kuwa amepona, kumbe sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia kupanga mambo na kujizuia, bado inaendelea kukomaa. Upungufu unajitokeza darasa la tatu au la nne, masomo yanapodai kupanga mawazo, na wakati huo faili lake lilishafungwa zamani. Aidha, ameshavuka miaka 5, na kwa sera yetu wanaotibiwa bila malipo katika vituo vya umma ni watoto walio chini ya umri huo.

Kuhusu kumbukumbu za walezi, niseme jambo nililoliona mwenyewe. Mama mmoja nilimuuliza mwanawe alihudhuria kliniki mara ngapi kwa mwaka, akanijibu, “Mara nyingi tu.” Tulipoanza kuupitia mwaka kidogo kidogo, kabla ya Ramadhani, baada ya Idi, wakati wa masika, shule zilipofunguliwa, ikabainika kwamba kliniki zilikatika mvua zilipoharibu barabara ya mtaani kwao, na hazikurejea tena, kwani mtoto alikuwa ameshakuwa mzito kubebwa mgongoni hadi kituo cha daladala. Hakuna rejista ambayo ingetuambia hivyo.

Mazoezi anayofanyishwa mtoto nyumbani na bibi yake nayaheshimu sana, na yaandikwe, lakini kwenye sehemu yake. Tukiyajumlisha na huduma za wataalamu, tutakuwa tumeufunika upungufu wa wataalamu kwa jasho la familia.

Fomu ya kuruhusiwa tunayoipendekeza inaongeza mambo machache: namba ya simu ya mlezi, namba ya ndugu asiyehamahama, jina la mtaa na jina la shule. Wapangaji wanahama na laini za simu zinabadilishwa, na bila namba ya pili watoto wengi watatupotea kabla ya mwaka kwisha. Kabla hatujaichapa, nawaomba wauguzi wa wodi mlio hapa mniambie ni wakati gani, siku ya kuruhusiwa, mnapata dakika 10 za kukaa na mlezi kuijaza: kabla hajaenda dirisha la malipo, au akisharudi?