Nendeni Amani wakati wa mvua

Asalaam aleikum, habari za jioni jamani, na poleni na joto, maana Tanga mwezi huu wa pili hata ukikaa chini ya feni unatoka jasho. Ahsanteni kwa kuja. Naona wazee wetu wamekaa mbele, shikamooni, na vijana wa vyuo naona mmejaa huko nyuma, karibuni, sogeeni kama kuna nafasi.

Nilipotangaza mwaka jana kwamba tunapanda Amani, ule msitu wa milima ya Usambara ya Mashariki, mwezi wa nne, kila mtu aliniambia kitu kimoja: usiende masika. Barabara mbovu, utelezi, ukungu umefunga hutaona kitu, subiri kiangazi uende zako ukapige picha nzuri. Nilienda, tulikuwa kumi na moja, muuguzi, walimu wawili, kijana fundi wa pikipiki, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, wanafunzi, watu tu tunaopenda miti na ndege, na nimekuja hapa kuwaambia kinyume cha nilichoambiwa mimi. Msitu wa Amani nendeni wakati mvua inanyesha. Kiangazi utauona umesimama tu, masika ndio utauona unafanya kazi, na kazi yenyewe inakuhusu wewe uliyekaa hapo na chupa yako ya maji.

Safari yenyewe ilianza vibaya. Tulikodi gari, tulishamlipa mwenye gari yote, kumbe matairi yamelika hayana meno kabisa, tukatoka Muheza vizuri lami ilipoisha tukaanza kuserereka, na kabla hatujafika Zigi, geti la kuingilia msituni, gari likazama mtaroni. Tulisukuma saa nzima. Wanakijiji wakaja na majembe, wakakata matawi wakatandika chini ya tairi, likatoka, na hakuna aliyetudai hata shilingi, mama mmoja akatuletea na mihogo ya kuchemsha kwenye sufuria. Mkikodi gari kwenda huko masika angalieni tairi kwanza kabla ya kutoa hela, basi, hilo tuliache.

Zigi kwenyewe pale getini kuna nyumba ya zamani ya Mjerumani, palikuwa stesheni ya reli, walijenga reli kutoka Tengeni kuja mpaka Zigi kwa ajili ya magogo na bidhaa za huko juu. Reli haipo tena, msitu umerudi. Kuanzia pale tukaacha gari tukapanda kwa miguu na mzee wetu wa kutuongoza, Msambaa wa pale pale, mtu haongei sana lakini kila akisimama ujue kuna kitu.

Ya historia nitayapitisha haraka. Amani Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, bustani ya miti kutoka dunia nzima, walipanda mpaka ule mti wa kwinini, na wakati wa vita vya kwanza walipokuwa wamezibwa baharini dawa yao ya malaria waliitengeneza hapo hapo. Utafiti wa malaria ukaendelea Amani miaka na miaka. Alafu mwaka 1997 ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza kabisa Tanzania, kama hekta 8,380 hivi. Hayo mtayasoma. Mimi nataka niwaambie tulichokiona.

Tukiwa tumepanda kama saa moja na nusu mvua ikashuka. Sio manyunyu, mvua ya masika yenyewe, ile ambayo hapa mjini ingekuwa mtaro umeshafurika na watu wamejibanza barazani. Tunaisikia juu kwenye majani inanguruma, watu wakaanza kuhangaika na makoti na nailoni za simu, mzee akasema tulieni. Tulikuwa chini ya mti mkubwa, ile mizizi yake inasimama kama kuta, mtu mzima anajificha katikati haonekani. Tukatulia. Hatulowi. Nikaangalia saa, zikapita kama dakika kumi ndio matone ya kwanza yakaanza kutufikia, tena taratibu, tone la kwanza lilinidondokea mkononi lilikuwa halina nguvu kabisa, limeshapita kwenye jani la juu, likadondokea jani la kati, likateleza kwenye mzabibu mwitu, na mengine yanashuka yanafuata gome la mti kama uzi. Alafu mvua juu ikakatika, tunaona kabisa mwanga umerudi, na sisi huku chini ndio kwanza tunazidi kulowa, karibu nusu saa nzima msitu unaendelea kunyesha mvua ambayo mawingu yameshaimaliza.

Sasa mzee akainama. Akachota yale majani yaliyooza chini, kiganja kimoja, nyuzinyuzi za mizizi zimo, akakamua. Jamani, maji yalitoka kama unakamua tui. Sisi hapa wote tumelelewa na nazi, mnajua kifumbu kinavyofanya kazi, unatia machicha, unakamua, tui linatoka safi na chicha zinabaki. Ndio nikaelewa. Tumeambiwa shuleni msitu unaleta mvua, msitu unatunza maji, tukaandika kwenye daftari, lakini mimi umri wangu wote sikuwahi kuona kifumbu chenyewe mpaka siku ile. Mvua inapunguzwa nguvu juu, inakaa kwenye yale machicha ya msitu, inazama ardhini polepole, alafu inatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi miezi ambayo mvua hakuna. Ndio maana mwezi kama huu wa pili, jua hili, mto Zigi bado unatiririka.

Na Amani inapata mvua kwa sababu ya mahali ilipo. Usambara ya Mashariki iko karibu mno na bahari yetu, ule upepo unaotoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu unakutana na mlima wa kwanza, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaachia maji. Huko juu inanyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hapa mjini tunapata kama 1,300. Hata siku mvua haipo ukungu unapita kwenye miti na majani yanauchana yanakusanya matone. Hali hiyo imekuwepo miaka mingi sana, mamilioni, ndio maana kuna viumbe kule havipo kokote duniani. Kuna chura mmoja mdogo, watafiti walimpata mwaka 1926, mmoja tu, na tangu hapo hajaonekana tena. Mimi kila chura niliyemsikia usiku ule nilikuwa najiuliza.

Naomba picha inayofuata. Hii msiitazame haraka.

Hapa ni mahali vijito viwili vinakutana, mchana wa siku ya pili. Cha kushoto kinatoka ndani ya hifadhi, cha kulia kinatoka upande ambao mlima umelimwa mpaka ukingoni. Mvua ile ile ya usiku mmoja imenyesha juu ya vyote viwili. Kile cha kushoto unaona kokoto chini, unaona na kaa anatembea. Kile cha kulia ni rangi ya chai ya maziwa. Na vikikutana havichanganyiki mara moja, vinaenda sambamba kama hatua ishirini hivi, mstari kabisa katikati, alafu ile ya maziwa inashinda. Yule dada muuguzi akasimama pale akawa haongei, baadae akasema, "Haya si ndio maji yanayokuja kwetu?" Ndio hayo. Zigi inashuka, inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndio bomba la Tanga mjini. Ule udongo nao unashuka, unakaa chini ya bwawa, bwawa linapungua kina, na maji yakija machafu zaidi yanataka dawa zaidi na kazi zaidi kuyasafisha.

Nisieleweke vibaya hapa, na hili nalisema kwa uzito. Sijaja kumshitaki mkulima. Mtu wa milimani ana eka yake moja au mbili, ana watoto wa kusomesha, na iliki ndio ilikuwa hela yake. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo walikuwa wanailima chini ya miti mikubwa, ukitazama kwa mbali unasema msitu upo, lakini chini kumefyekwa, miche ya miti haioti, na baada ya miaka udongo unachoka na mtu anahamia mbele. Upande wa Derema watu walitolewa kwenye mashamba yao ya iliki ili msitu uungane, wakalipwa fidia, na nimekaa na wazee huko bado wanaizungumza ile fidia kwa uchungu. Kuna wakulima wa kando ya mito ya Kihuhwi na Zigi wamejiunga kwenye umoja wao, UWAMAKIZI, wanalima kwa matuta, wanapanda miti, wanaacha ile mita 60 ya kando ya mto kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyosema. Mita 60 mtu anasema kirahisi. Ukiwa na shamba dogo lililobebana na mto, mita 60 ni chakula cha nyumba nzima. Yule mtu anaacha ardhi yake ili mimi nioge huku Chumbageni, Tanga mjini, na mimi simjui, sijawahi hata kumpa ahsante. Hilo linaniuma na ningependa liwaume na nyie kidogo.

Usiku. Tulilala juu Amani, baridi kwa sisi watu wa pwani, chai ya tangawizi na iliki hiyo hiyo, alafu mzee akatutoa na tochi. Kinyonga mchana hutamwona hata akiwa mbele ya pua, lakini usiku amelala kwenye ncha ya kijiti na ukimulika anang'aa mweupe mweupe. Tulimkuta mmoja hazidi kidole changu cha kati, amejikunja mkia kama jongoo, tone la mvua limekaa juu ya mgongo wake na kila akipumua lile tone linatikisika. Watu wazima kumi na moja tumesimama kwenye mvua tunatazama tone. Yule mzee wa bandarini akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu nimekaa Tanga miaka sitini na nane, hichi kitu kilikuwa hapa muda wote?

Na kesho yake ua. Mnalijua, dughulushi, watu Ulaya na Marekani wanaliweka dirishani kwenye vyungu. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani aliyekuwa hapa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata likapewa jina lake, na kutoka hapo limezagaa dunia nzima. Sisi tulilikuta kwenye jiwe lenye kuvu ya kijani, pembeni ya kijito, kivulini kabisa, majani yana manyoya laini kama sikio la sungura na maua matano ya zambarau. Halikai juani, halikai pakavu. Ule msitu wa juu ukifyekwa, lile jiwe linakauka, na ua linakufa hata kama hakuna mkono wa mtu uliolishika. Niliona mtu mmoja kwenye kundi letu anataka kung'oa kidogo apeleke nyumbani, mzee hakumkaripia, alimwekea tu mkono begani. Akaacha.

Sawa, nimeonyeshwa muda umeisha, maswali. Ndio, dada mwenye mtandio wa bluu.

Anauliza tunaenda lini tena na abebe nini. Mwezi wa nne, wiki ya pili, tunaondoka alfajiri baada ya sala. Raba hazifai, leta mabuti. Soksi ndefu na suruali uichomeke ndani kwa sababu ya siafu, wanatoka kwa wingi mvua ikinyesha. Tochi, nailoni ya simu, nguo moja kavu ambayo huigusi mpaka usiku. Na leta chupa tupu, nitakuonyesha pale vijito vinapokutana, utachota upande wa kushoto na upande wa kulia.