Kinachoibeba dawa

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi wa famasia, karibuni. Nafurahi mmekaa mbele.

Wiki iliyopita mama mmoja alikuja dirishani na chupa ya amoksilini ya mtoto, ule unga unaotiwa maji. Ilibaki nusu tangu masika. Mtoto ameanza kukohoa tena, naye akataka kujua kama aendelee nayo. Nikamwomba tuimwage. Akasema, "Daktari, binti yangu amenisomea karatasi ya ndani. Ina sodiamu benzoeti, kile kihifadhi kilichomo kwenye soda. Sasa kimehifadhi nini?"

Swali hilo limenifanya niiweke kando hotuba niliyokuwa nimeiandaa.

Kihifadhi huzuia vijidudu visizaane chupani. Hakiwezi kuyazuia maji. Amoksilini ikishatiwa maji huanza kuvunjika yenyewe, ndiyo maana inauzwa ikiwa unga, na ikishakorogwa hupewa siku 7, nyingine siku 14 zikiwekwa kwenye friji. Chupa ya yule mama haikuota ukungu, maana kihifadhi kilikuwa bado kinalinda, lakini kilichokuwa kikilindwa kilishadhoofika. Ndiyo sababu pia mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye nimonia siku hizi hupewa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji: unayeyusha dozi moja, anakunywa, basi.

Sasa tuingie ndani ya chupa. Chukueni parasetamoli ya maji. Katika zilizozoeleka, kijiko cha mililita 5 kina miligramu 120 za parasetamoli. Ni punje tu. Kilichobaki chote ni vitu vya kuibeba: maji, sukari au sobitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), gliserini au propilini glaikoli, kihifadhi, rangi, ladha ya matunda. Sisi wafamasia tumezoea kuvipitia haraka tunaposoma karatasi, na wazazi hawaambiwi kabisa. Mimi naona tunakosea.

Kuhifadhi si jambo geni kwetu. Ng'onda anakaa kwa chumvi, achari ya embe inakaa kwa chumvi na siki, asali inakaa kwa utamu wake. Shira nzito ya dawa, ambayo theluthi mbili za uzito wake ni sukari, hujilinda kwa njia hiyohiyo: sukari humnyonya kijidudu maji akashindwa kuishi. Ukiiongezea maji ili ifike mwisho wa wiki, umeuvunja ulinzi huo, na dozi umeipunguza. Na kijiko kilichotoka mdomoni mwa mtoto kisirudishwe chupani.

Nawasikia watu wakisema wanataka dawa isiyo na kemikali ya kuhifadhi. Nawaomba wasikilize habari ya Bundaberg, mji wa Queensland, Australia. Januari 1928 watoto 21 walidungwa chanjo ya dondakoo, na 12 kati yao wakafa. Chupa ilikuwa moja, imeshatumika siku kadhaa kabla bila madhara. Tume ya uchunguzi ikakuta bakteria aina ya stafilokokasi wameingia wakazaliana ndani yake, kwa kuwa haikuwa na kihifadhi. Tume ikapendekeza kwamba chupa ya aina hiyo inayochomwa sindano mara kwa mara iwe na kitu cha kuua vijidudu.

Lakini mlinzi naye huhitaji kuangaliwa. Alkoholi ya benzili hutiwa katika baadhi ya dawa za sindano, na mtu mzima huistahimili. Mtoto mchanga aliyezaliwa njiti hawezi kuivunja ipasavyo, nayo hujikusanya mwilini. Mwaka 1982 Marekani ilitoa onyo baada ya vichanga kufa wakihema kwa taabu. Mirija ya mishipani mwao ilikuwa ikisafishwa kwa maji ya chumvi yenye kihifadhi hicho. Wanafunzi, kwa kichanga msiishie kuuliza dozi. Ulizeni imebebwa na nini.

Kuhusu utamu nitasema machache. Mtoto anayekunywa dawa ya sukari kila siku kwa miezi, kwa mfano ya kifafa, ataoza meno asipopigwa mswaki baada ya dozi ya usiku. Sobitoli haiozeshi hivyo, ila ikizidi inaharisha.

Nataka kukaa zaidi kwenye kiyeyushi. Parasetamoli haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, kwa hiyo inahitaji propilini glaikoli au gliserini. Vyote viwili ni vizito, vyeupe kama maji, vina utamu. Yupo wa tatu anayefanana navyo, naye ni sumu: daiethilini glaikoli, ya viwandani. Mwilini hugeuka asidi inayoua figo.

Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee, Marekani, iliyeyushia salfanilamidi, dawa ya kuua bakteria, katika daiethilini glaikoli. Walipima ladha, sura na harufu. Sumu hawakupima, sheria haikuwadai. Walikufa watu zaidi ya 100, watoto wengi miongoni mwao, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla haijauzwa.

Ingekuwa imeishia hapo nisingekuwa na haja ya kuwasimulia. Nigeria ilizika watoto kwa sumu hiyo mwaka 1990, tena 2008. Haiti ilizika 1995 na 1996. Panama mwaka 2006: mapipa yaliyoandikwa gliserini, yaliyotoka China yakapitia Hispania, na hakuna mkono uliofungua pipa ukapima. Gambia mwaka 2022, takriban watoto 70. Indonesia mwaka huohuo, zaidi ya 200. Kiwango cha sumu hiyo kinachoruhusiwa hakizidi asilimia 0.10, na vipimo vya kuijua vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya kila pipa, kila pipa nasema, na kukataa kuamini karatasi iliyobandikwa juu yake. Mtakaoajiriwa viwandani, mtu huyo ni ninyi.

Wazazi hamwezi kuitambua nyumbani. Hainuki, na ni tamu. Nunueni dukani palipo na kibali, na boksi lenye namba ya toleo msilitupe mpaka mtoto apone. Mtoto anayetumia dawa ya maji akipunguza mkojo, au akakauka kabisa asikojoe, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali na ile chupa mkononi, hata kama limebaki tone. Maabara italihitaji hilo tone.