Nani Atausoma Mswada Wako?

Ndugu zangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mnajua nitakalosema. Nimelisema Mbale, nimelisema Arua, na leo nalisema hapa Jinja, kwa sababu vijana bado wananiletea fomu zilizokwisha kujazwa na ada imeshatumwa kwa simu, lakini swali moja la maana hawajaliuliza. Mtu anataka kujiandikisha kwenye kozi ya uandishi wa kubuni ya kusomea nyumbani. Vizuri, naunga mkono. Lakini anauliza kozi ina masomo mangapi, cheti kina muhuri wa wapi, itachukua miezi mingapi. Haulizi: nani atausoma mswada wangu, na atanirudishia nini?

Hebu twende Uingereza, mwaka 1840. Mwaka huo posta ya kule ilianza kupeleka barua popote nchini kwa peni 1. Mwalimu mmoja, Isaac Pitman, aliyekuwa amebuni hati mkato yake, yaani namna ya kuandika haraka kwa alama fupi, akaona njia imefunguka. Akawa anawatumia wanafunzi zoezi kwa posta. Wao wanaandika mistari ya Biblia kwa hati mkato na kumrudishia. Yeye anasahihisha na kuwatumia tena. Fuateni safari ya bahasha hiyo: inakwenda, inarudi, inakwenda tena. Vitabu vya kujifunzia vilikuwapo zamani kabla yake. Alichoongeza Pitman ni masahihisho yale yaliyomfuata mwanafunzi hadi kwake. Ukiyaondoa, umebaki na kitabu tu, na kitabu unaweza kukiazima maktaba bila kulipa ada.

Sasa tazameni kozi nyingi zinazouzwa leo. Unalipa, unapokea mafaili kwenye simu: somo la wahusika, somo la mandhari, somo la dayalojia. Unaandika hadithi yako, unaituma. Halafu?

Yuko kijana mmoja wa Bombo, anafanya kazi dukani mchana na anaandika usiku. Sitaitaja kozi aliyojiunga nayo. Aliandika hadithi ya mama anayevusha magendo ya mahindi usiku kwenye Mto Sio, kule upande wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kijana anakijua Kiswahili cha mpakani, na sentensi zake zina pumzi. Akaituma. Ikarudi na alama nzuri na maneno haya: "Kazi nzuri. Endelea na somo la tano." Basi. Hakuna mstari uliopigwa chini wala swali lililoulizwa. Yule kijana akafurahi, akaendelea na somo la tano.

Baadaye hadithi ile ilimfikia mwalimu mstaafu, rafiki yangu, mtu asomaye na penseli mkononi. Akaandika pembeni mwa ukurasa wa tatu maneno matatu: "Mtoto yuko wapi?" Kwa nini? Kwa sababu kwenye ukurasa wa kwanza yule mama amebeba mtoto mgongoni, amemfunga kwa kitenge. Kwenye ukurasa wa tatu yumo mtoni, maji yanamfika kifuani, gunia liko kichwani, na mtoto ametoweka. Hakufa wala hakuachwa kwa jirani. Mwandishi amemsahau tu.

Kijana alikasirika kwanza. Akaniambia, "Mwalimu, hilo ni jambo dogo, nitaongeza sentensi moja kwamba alimwacha kwa bibi." Nikamwambia asiongeze kitu, akae na lile swali. Akakaa nalo. Aliporudi, mtoto alikuwa mtoni. Maji ya baridi yamemgusa miguu, ameamka, analia, na walinzi wa mpaka wako ng'ambo. Mama hawezi kumnyonyesha ili anyamaze, kwa kuwa mikono yote miwili imeshika gunia. Ama aliachie gunia, ambalo ndilo karo ya watoto wengine waliobaki nyumbani, ama mtoto aendelee kulia. Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa! Kabla ya hapo tulikuwa na maelezo mazuri ya mto.

Na mwalimu yule hakuishia hapo. Mahali pengine aliuliza: "Nani anayaona haya?" Hadithi nzima tulikuwa ndani ya kichwa cha mama, mara tukaambiwa askari nyuma ya kichaka anawaza mshahara wake. Mama amejuaje? Kijana alikuwa amelisoma somo la nafsi ya usimulizi, amelijibu na kupata alama zote. Kujua kanuni ni jambo moja, kuiona ikivunjika ndani ya sentensi yako mwenyewe ni jambo jingine, na hapo ndipo unapohitaji macho ya mtu mwingine.

Najua mtaniambia uandishi ni kipaji, haufundishwi. Sawa. Juni 1962, waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Mwanafunzi wa hapo chuoni, ambaye leo dunia inamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe mswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika. Kipaji alikuwa nacho, nani atabisha? Hata hivyo alitafuta msomaji. Achebe akausoma, akampa maoni yake, na riwaya ile ikachapishwa mwaka 1964. Kama Ngũgĩ alihitaji kusomwa, wewe na mimi tunakataa kwa msingi gani?

Mwingine atasema: basi tuache kozi, tujiunge na vikundi. Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza miaka ya 1990, na watu wamekuwa wakisomeana kazi zao hapo kwa miaka mingi. Nawaheshimu sana. Lakini wewe uko Moroto, au uko Bwera na duka lako, au una mtoto mchanga. Utafikaje Kamwokya, mtaa wa Kampala waliko FEMRITE, kila wiki? Ndiyo maana siipigi vita kozi ya nyumbani. Kwa mtu wa mbali inaweza kuwa mlango pekee. Nataka tu iwe kozi kweli.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, waombeni wakuonyesheni kazi moja ya mwanafunzi iliyosahihishwa, jina likiwa limefutwa. Itazameni pembeni mwa kurasa. Kama hakuna maswali yanayohusu hadithi ile na si nyingine, ondokeni. Ulizeni pia kama mkufunzi atakuwa yuleyule hadi mwisho, na kama mnaruhusiwa kutuma rasimu ya pili ya hadithi ileile. Hili la rasimu ya pili ni kubwa, ningelizungumzia kirefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haraka haraka, basi. Ada: wakikubali mlipe kwa awamu, lipeni kwa awamu. Cheti: mhariri hakuombi cheti, anaomba mswada. Video: tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo masomo ya maandishi yatawapunguzia gharama, na mwandishi anapaswa kusoma hata hivyo.

Lugha. Kozi nyingi zinazowafikia ni za Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anaambiwa atafsiri kwanza hadithi yake ndipo isahihishwe. Hapana! Atakayesahihisha tafsiri hataiona sentensi uliyoiandika. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii yetu, Uganda, tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa ni Safal-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Ulizeni waziwazi: mkufunzi wangu anasoma Kiswahili? Wakisema hasomi, tafuteni kwingine, au tafuteni mwalimu wa Kiswahili mmuombe asome pamoja nanyi.

Mliokuja na fomu ambazo hamjazilipia, zileteni mezani sasa hivi. Tutazisoma moja moja.