Trilioni 49.35: Kipi Mapato, Kipi Deni, na Kwa Nini Zahanati Yenu Haijaezekwa

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya madiwani, wenyeviti wa mitaa na vijiji, na wanachama wa vyama vya ushirika)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu zangu,

Nianze na hesabu ya kutoa. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani yalikisiwa kuwa trilioni 34.61. Toa, unabaki na trilioni 14.74. Ukikaa kijiweni pale Mbuyuni, atakuwepo mtu wa kukwambia kwamba hiyo 14.74 ndiyo nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato. Siyo.

Tuifungue. Trilioni 5.13 zilitarajiwa kutoka kwa washirika wa maendeleo, yaani misaada pamoja na mikopo nafuu. Trilioni 2.99 ni mikopo ya nje yenye masharti ya kibiashara. Zilizobaki, trilioni 6.62, ni mikopo ya ndani, na hapa naomba mshike kalamu. Katika hizo 6.62, trilioni 4.02 zilikuwa za kulipia dhamana na hatifungani zilizoiva, yaani hati ambazo watu huikopeshea Serikali na muda wake wa kulipwa umefika. Mama aliyenunua hatifungani ya miaka mitano, siku ikifika anataka mtaji wake. Serikali inauza hatifungani mpya kwa mtu mwingine, inamlipa mama. Deni halikupungua wala halikuongezeka, limebadilisha tu mdai. Ila kwenye vitabu fedha hiyo inaingia kwa mlango wa mapato na kutokea mlango wa matumizi, na njiani inainenepesha ile 49.35. Mkopo mpya wa ndani, wa kwenda kufanya kazi, ulikuwa trilioni 2.60 tu.

Nakisi inapatikana hivi: chukua matumizi yote, ondoa marejesho ya mtaji wa madeni, kisha toa mapato ya ndani na misaada. Riba usiiondoe, riba ni matumizi. Wengi wanakosea hapo, wanaziondoa zote mbili, na nakisi yao inatoka nyembamba kuliko ilivyo.

Ukishaipata, unaipima dhidi ya pato la taifa. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, inataka nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, misaada ikiwa imehesabiwa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe yapo Arusha, kama kilometa themanini kutoka hapa tulipokaa, lakini sijui ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza kipimo hicho. Tazameni yale maneno "misaada ikiwa imehesabiwa". Mfadhili akifunga mkoba wake, nakisi inapanda hata kama Serikali haijaongeza shilingi moja ya matumizi.

Sasa tushuke nyumbani.

Fedha ikiingia pungufu Hazina, haikatwi sawasawa kwa kila mmoja. Deni linalipwa kwanza, maana ukichelewesha unaharibu jina sokoni na mkopo ujao unakuja na riba kubwa. Mishahara inafuata, na hiyo haina mjadala. Kisha yanakuja matumizi mengineyo, ile OC mnayoisikia: mafuta ya gari, karatasi, umeme wa ofisi. Maendeleo yanakaa mkiani. Kwa hiyo mapato yakipungua kwa asilimia tano tu, maumivu hayawi asilimia tano kwa kila fungu. Yote yanaangukia kwenye bati na saruji. Kitabu cha bajeti kinasema zahanati imetengewa fedha, na ni kweli imetengewa. Kutengewa ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe huja kwa mgawo, na mgawo hufuata makusanyo.

Na mapato ya halmashauri zenyewe? Mwaka huo huo halmashauri zote 184 zilikisiwa kukusanya trilioni 1.36. Katika kila shilingi mia ya bajeti ya nchi, hiyo haifiki shilingi tatu. Ukigawa sawa ni kama bilioni 7.4 kwa halmashauri moja, lakini wastani huo unadanganya, kwa sababu majiji yanavuta juu na wilaya nyingi zipo chini kabisa.

Hapa Moshi tuna halmashauri mbili zenye mifuko isiyofanana. Manispaa inaishi kwa masoko, leseni na ushuru wa huduma. Hiyo inaingia mwaka mzima. Halmashauri ya Wilaya ina kahawa, na kahawa ina msimu. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, wa chakula asilimia 2, na anayelipa ni mnunuzi. Chukua mfano: tani kumi za kahawa kwa shilingi 5,000 kilo ni milioni 50, ushuru wake milioni 1.5. Kahawa ikikosa mvua, au ikipita njia za panya usiku, kasma ya ushuru, yaani fungu lake kwenye bajeti, inabaki tupu. Afisa aliyekisia mapato kwa kuongeza asilimia kumi juu ya mwaka uliopita, bila kwenda kuuliza vyama vya msingi vya ushirika hali ya mibuni, amepika bajeti ambayo haitaiva.

Asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo inaleta ugomvi kila mwaka, na kisa ni hesabu. Haikatwi kwenye makusanyo yote. Unaondoa kwanza mapato lindwa, kama fedha za uchangiaji wa huduma za afya, ambazo zina kazi yake. Halmashauri ikikusanya bilioni 6 na bilioni 1.5 zikawa lindwa, unakata asilimia 10 ya bilioni 4.5: milioni 450. Wanawake milioni 180, vijana milioni 180, wenye ulemavu milioni 90. Diwani anayedai milioni 600 atashindwa hoja, na atakuwa amestahili kushindwa.

Barabara nazipita haraka: tangu 2017 za mitaa na vijiji zipo TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za mijini na vijijini. Kumbana mkurugenzi wa halmashauri kwa sababu ya shimo ni kupoteza kikao.

Nimalizie na taarifa ya robo mwaka, maana hii mnaipata mkononi. Msianze na maelezo, yameandikwa ili mchoke. Tafuteni safu tatu: bajeti, mapokezi, matumizi. Mradi una bajeti ya milioni 80, mapokezi milioni 10: tatizo lipo juu, mpelekeeni mbunge na namba hiyo. Mapokezi milioni 80, matumizi milioni 12: tatizo lipo hapa hapa. Hapo ulizeni zabuni ilitangazwa lini kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, mkataba ulisainiwa lini, mzabuni alileta hati ya madai lini. Mara nyingi mtakuta mchoro wa jengo ulikaa mezani kwa mhandisi miezi mitatu.

Na ulizeni mapema, taarifa ya Desemba ikitoka. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na bakaa, yaani salio, ya fedha ya Serikali Kuu hurudi Mfuko Mkuu wa Serikali. Mkisubiri hadi Mei, mtakuta wanakimbizana kununua viti na kompyuta ili kasma isionekane na salio, huku paa la zahanati likiwa bado ni mbao tupu.