Ruhusa Tulizozitoa: Kuondoa Programu za Matangazo Kompyutani

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Nimesoma maswali yenu mliyoyaleta kwenye vikaratasi, na karibu yote yanasema jambo moja: matangazo yanajitokeza hata pasipo kufungua tovuti yoyote, ukurasa wa mwanzo wa kivinjari umebadilika wenyewe, na ukitafuta neno unapelekwa kwenye mtambo wa kutafuta usioujua. Halafu mnaongeza: tumepima kwa programu ya kuzuia virusi, nayo inasema kompyuta ni safi.

Hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo. Programu za matangazo, ambazo mafundi huziita adiwea, zina tabia tofauti na virusi tulivyovizoea. Haziharibu faili wala hazifungi kompyuta ili mdaiwe fidia. Kupe hataki ng'ombe afe. Mwenye programu hiyo hulipwa kwa kila tangazo unaloliona na kwa kila mbofyo, na anayeisambaza hulipwa kwa kila kompyuta inamowekwa. Anachotaka ni uendelee kutumia mashine yako kama kawaida, mwaka hata mwaka.

Na mara nyingi sana programu hiyo imo kwa sababu kuna mahali tulibofya kukubali. Katika hesabu za kampuni za usalama, kitu ulichokikubali hakiitwi virusi. Kinawekwa kwenye fungu la programu zisizotakikana, na programu nyingi za ulinzi hulipita fungu hilo kimya mpaka uziagize zilitazame. Kwa hiyo naomba tulifikirie jambo hili kama suala la ruhusa. Kusafisha kompyuta ni kutafuta kila mahali ruhusa ilipotolewa, na kuifuta.

Mchezo huu ni wa zamani. Kampuni ya Gator ilianza mwaka 1998 ikitoa bure programu ya kukumbuka manenosiri na kujaza fomu, kitu chenye manufaa kabisa, lakini pamoja nayo likaja dirisha la matangazo lililofuata kila ulichokisoma. Watu walikuwa wamekubali masharti marefu ambayo hakuna aliyeyasoma. Mwaka 2003 ikajiita Claria, na miaka michache baadaye ikaiacha biashara hiyo. Wengine wakaiendeleza.

Njia kuu ya kuingia ni kifurushi. Unapakua programu nzuri ya bure, na kisakinishi chake kinabeba nyingine mbili tatu mgongoni. Kinakupa chaguo mbili: usakinishaji wa haraka, ulioandikwa kuwa ndio unaopendekezwa, na ule wa kuchagua mwenyewe, umeandikwa kwa herufi za kijivu kana kwamba ni wa mafundi tu. Ukichagua wa haraka, visanduku vimeshatiwa tiki kwa niaba yako. Chagueni ule wa pili siku zote, msome kila ukurasa, na mjue kwamba kitufe cha kukataa wakati mwingine kinakataa kile cha ziada tu, programu yenyewe inaendelea vizuri.

Msidhani hili hutokea kwenye tovuti za vichochoroni peke yake. Desemba 2011 Gordon Lyon, mtunzi wa Nmap, programu ya kuchunguza mitandao, alilalamika hadharani kwamba Download.com, tovuti kubwa kabisa ya kupakua programu wakati huo, ilikuwa inaifunga kazi yake ndani ya kisakinishi chake yenyewe, chenye upau wa ziada wa kivinjari na mabadiliko ya ukurasa wa mwanzo. Yeye hakuwa ameombwa idhini. Mwaka 2013 waandaaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, waliondoka SourceForge kwa sababu ya vitufe vya uongo vya kupakua na kisakinishi cha namna hiyohiyo. Wamiliki wapya wa SourceForge waliufuta mpango ule mwaka 2016, na nawapongeza kwa hilo. Lakini tujifunze: pakueni kutoka kwa mtunzi mwenyewe, kwenye anwani mliyoihakikisha. Na mkitafuta anwani hiyo kwenye mtambo wa kutafuta, yapiteni matokeo ya juu yenye alama ya tangazo. Desemba 2022 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwamba wahalifu hununua matangazo hayo wakijifanya kampuni zinazojulikana, na likashauri watu watumie kizuia matangazo wanapotafuta mtandaoni. Polisi wa nchi nzima wanapofika mahali pa kushauri hivyo, sisi tusione haya kukiweka.

Njia ya pili ni sasisho la uongo. Kwa miaka mingi lilikuwa la Flash Player, na watumiaji wa Mac, walioambiwa kwamba kompyuta zao haziguswi, ndio walioumizwa zaidi na programu iitwayo Shlayer iliyojivika sura hiyo. Flash yenyewe ilikoma tarehe 31 Desemba 2020. Ukurasa wowote unaokudai uisasishe leo unakudanganya, hakuna haja ya kuchunguza zaidi. Siku hizi wanadai usasishe kivinjari. Kivinjari hujisasisha chenyewe ndani ya mipangilio yake; ukurasa wa tovuti hauna kazi hiyo.

Ya tatu ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa hata mtu mwangalifu hunaswa. Kiendelezi unachokiweka leo kinaweza kuwa kizuri kweli, kimetungwa na kijana mmoja kwa nia njema. Kisha kinanunuliwa. Januari 2014 ilijulikana kwamba kiendelezi cha Add to Feedly, chenye watumiaji zaidi ya 30,000, kilikuwa kimeuzwa, na mnunuzi akakisasisha kimyakimya ili kipachike matangazo kwenye kurasa za watu. Google ilikiondoa. Lakini angalieni jinsi kilivyofanya kazi: ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote ilikuwa imetolewa zamani, kwa mtu mwingine, kwa kazi nyingine. Mmiliki mpya aliirithi. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali: baki na viendelezi vichache ambavyo unaweza kueleza kila kimoja kinakufanyia nini wiki hii. Kilichobaki, ondoa.

Kuna waliouliza kwa nini tujisumbue hivi, ilhali matangazo ni kero tu. Nitawajibu kwa mfano mmoja.

Mwishoni mwa 2014 Lenovo ilikuwa inauza kompyuta mpakato zikiwa na programu ya Superfish imeshawekwa kiwandani. Lengo lilikuwa kupachika matangazo ya bidhaa kwenye kurasa unazotazama. Tatizo ni kwamba kurasa nyingi za maana zimesimbwa, yaani kile kifuli cha kivinjari, na programu haiwezi kupachika kitu ndani yake. Basi Superfish ikaweka cheti chake, yaani hati ya kidijitali ambayo kivinjari huitumia kuthibitisha tovuti, kwenye kompyuta kama cheti cha mamlaka kinachoaminika, ikakaa katikati yako na tovuti, hata ya benki, ikifungua mawasiliano na kuyafunga upya. Mbaya zaidi, ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa uleule kwenye kila kompyuta. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliutoa ufunguo huo pamoja na nenosiri lililoulinda, akaonyesha kwamba yeyote aliye kwenye Wi-Fi moja nawe angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kisishtuke. Hapa mwenye kompyuta hakubofya chochote; ruhusa ilitolewa kwa niaba yake kabla hajaifungua boksi. Na kufuta programu peke yake hakukutosha, cheti kilibaki mpaka kiondolewe. Yote hayo kwa ajili ya kuuza bidhaa. Hilo ndilo jibu langu kwa anayesema ni kero tu.

Sasa tusafishe. Fuateni mpangilio huu, maana nimeona watu wakianzia mwisho na kuhangaika siku nzima.

Anzeni na arifa za kivinjari. Yale madirisha madogo yanayotokea pembeni mwa skrini yakisema kompyuta ina virusi, mara nyingi hayatoki kwenye programu yoyote. Kuna tovuti ilikwambia ubofye Ruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, nawe ukairuhusu ikutumie arifa. Itazameni arifa yenyewe kwa makini: jina la tovuti limeandikwa humo kwa herufi ndogo. Kwenye Chrome nendeni Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Futeni kila tovuti msiyoitambua. Wengi wenu tatizo litaishia hapo.

Kisha viendelezi, kama nilivyosema. Kisha orodha ya programu zilizosakinishwa: ipangeni kwa tarehe, mtazame zilizoingia siku moja na ile mliyoipakua kabla ya tatizo kuanza. Zinazofuatana kwa dakika chache zilikuja pamoja. Mnapoiondoa moja, someni maswali yake hadi mwisho, kwani kiondoaji nacho huwa na visanduku vya kukushawishi ubaki. Jina usilolijua litafute kwanza kabla ya kulifuta, lisije likawa kiendeshi cha kamera au cha sauti.

Ikiwa bado, tafuteni mabaki. Bofyeni kitufe cha kulia kwenye njia ya mkato ya kivinjari, mfungue sifa zake. Baada ya jina la programu kusiwe na anwani ya tovuti iliyobandikwa mwishoni. Tazameni mipangilio ya proksi, yaani seva ya kati ambayo mawasiliano yenu hupitia, na kama hamkuweka wenyewe, izimeni. Tazameni pia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba. Kundi la wahalifu lililovunjwa Novemba 2011 lilikuwa limebadilisha DNS kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani, likapata angalau dola milioni 14 kwa kubadilisha matangazo na matokeo ya utafutaji, na seva za muda zilibidi kuendeshwa hadi tarehe 9 Julai 2012 ili watu hao wasikatike mtandaoni ghafla.

Kivinjari kikiandika kwamba kinasimamiwa na shirika lako, nawe kompyuta ni yako binafsi, andikeni chrome://policy kwenye upau wa anwani. Mkiona humo kiendelezi kilicholazimishwa, ndiyo sababu kitufe chake cha kuondoa kimefifia: kuna aliyeandika sera, yaani amri ya kukilazimisha, kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Programu za kuzuia virusi nazo huweza kuweka sera, kwa hiyo someni kabla ya kufuta. Na kama kompyuta ni ya mwajiri, msiguse, mwiteni fundi wa ofisi. Kitu kinachofutwa kisha kikarudi kila unapowasha, kitafuteni kwenye ratiba ya kazi za Windows, andikeni taskschd.msc kwenye kisanduku cha kutafuta cha Windows. Kwenye Mac, tazameni folda za LaunchAgents ndani ya Library, na wasifu uliowekwa kwenye mipangilio ya mfumo.

Baada ya hapo ndipo mpimishe. AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure, haihitaji kusakinishwa, na imetungwa kwa kazi hii hasa. Kwenye Windows washeni pia uzuiaji wa programu zisizotakikana, upo ndani ya Usalama wa Windows kwenye ulinzi unaotegemea sifa; ukiwa umezimwa, ndiyo ile hali ya kuambiwa kompyuta ni safi. Jambo moja nawasihi: msipakue kamwe kisafishaji kinachotangazwa na dirisha lilelile linalowasumbua, wala msipige namba ya simu iliyoandikwa kwenye onyo lililojaza skrini. Shikilieni kitufe cha Esc, mlifunge, basi.

Ndugu mmoja hapa mbele anauliza: nimefanya yote haya, nikaweka hata Windows upya, na kiendelezi kimerudi. Swali zuri, na jibu liko kwenye usawazishaji. Ulipoingia na akaunti yako kwenye kivinjari kipya, akaunti ilikuletea viendelezi na mipangilio iliyoihifadhi, pamoja na ile mibovu. Zima usawazishaji kwenye vifaa vyako vyote, safisha kila kimoja, futa data iliyosawazishwa kwenye akaunti, kisha uwashe tena ukianzia na kompyuta uliyohakikisha. Kama programu iliyokusumbua ilikuwa na ruhusa ya kusoma tovuti zote, badilisha pia manenosiri, ukianza na la barua pepe, na ufanye hivyo baada ya kusafisha. Ukibadilisha kabla, yale mapya nayo yatasomwa.